Kochi la Mama Elina

Miaka mingi Anifa alikuwa akivisha viti vya watu. Alivisha viti vya malori yanayolala Makambako, makochi ya maharusi, hata mabenchi ya mama ntilie, na hakuwahi kukiogopa kiti hata kimoja. Kochi hili la Njombe alikuwa akiliogopa. Aliliogopa tangu siku ya kwanza alipolipigia magoti, tepu ikining'inia shingoni. Asubuhi hii, akiwa amebeba mfuko wenye kava lake lililokwisha kushonwa na kupigwa pasi, aliliogopa zaidi, maana leo angelikalia.

Ndivyo Yoeli alivyomwambia. "Njoo ulishonee kava, Anifa. Nataka siku utakayoingia humu kama mwenye nyumba uwe na mahali pako pa kukaa." Anifa alikuwa mwanamke aliyevuka arobaini, aliyeachika zamani, na binti yake wa pekee, Rehana, alikwisha kuolewa Songea. Maneno ya namna hiyo hakuyategemea tena maishani. Aliyachukua akaenda nayo nyumbani, akawa akiyarudia akitia uzi kwenye sindano, akiyarudia akipika, mpaka akaanza kuona haya mwenyewe.

Yoeli alikuwa mzaliwa wa Kifanya, mkulima wa miti na mzee wa usharika, mwenye nyumba ya matofali mjini Njombe aliyoijenga pamoja na mkewe, Hilda. Hilda alikuwa amefariki, na yeye akabaki katika nyumba ile na viti vingi visivyokaliwa na mtu. Alifika Makambako kwa mara ya kwanza kutafuta fundi wa viti vya pikapu yake, akaelekezwa kwa Anifa. Mara ya pili alileta mto wa kiti uliofumuka pembeni. Mara ya tatu alileta mto usio na kasoro yoyote. Anifa aliugeuza huku na huku, akaubonyeza, akamtazama, akamwuliza shida iko wapi. Yoeli akavua kofia, akaikunja mikononi kama mtoto aliyekamatwa.

"Shida haiko kwenye mto, Mama Rehana," alisema.

Tangu siku hiyo hakumwita tena Mama Rehana. Alimwita Anifa.

Walikubaliana mambo kama watu wazima. Anifa angebaki na msikiti wake, Yoeli angebaki na kanisa lake, ndoa ingefungwa bomani. Hawakuwa na haja ya kumwomba mtu yeyote baraka zaidi ya ndugu zao wenyewe, na hapo ndipo mambo yalipokwama.

Anifa aliishi katika nyumba ya marehemu baba yao, upande wa nyuma. Upande wa mbele aliishi kaka yake, Mansoor, mwenye malori, pamoja na mkewe Zamda. Mansoor ndiye aliyemlea, ndiye aliyempokea alipoachika, ndiye aliyemnunulia cherehani ya kwanza. Aliposikia habari ya Yoeli hakupaza sauti. Alisukuma sahani ya chakula mbele, akanawa mikono.

"Umri huu, Anifa?" aliuliza.

"Umri huu ndio nilionao, kaka."

"Mtu ambaye hata dua hatamwombea baba yetu?"

"Ananipenda."

Mansoor alifuta mikono. Halafu akamwambia kwamba akivuka kwenda kwa mtu yule, asimtafute tena, si kama walii wake wa ndoa wala kama ndugu yake. Anifa alilia usiku kucha, na asubuhi akampelekea jibu lake kupitia kwa Zamda: atavuka. Toka hapo kaka na dada waliishi ukuta mmoja bila kusalimiana.

Upande wa Njombe alikuwako Elina, binti mkubwa wa Yoeli, mwalimu, mwenye macho makali ya mama yake. Yeye alisema baba aoe tu akitaka, nyumba ni yake, ila baraka za watoto asizitegemee. Na kochi la mama lisiguswe. Alilisema hilo mbele ya Anifa, kwa adabu, kama mtu anayemweleza mgeni choo kilipo.

Kwa hiyo Yoeli alipoamua mwenyewe kwamba kochi lishonewe kava, Anifa alijua kuwa mtu huyu amesimama upande wake. Nani angeelewa vingine?

Siku ya kupima walikuwa wawili tu. Kochi lilikuwa kubwa, la mtu mmoja, lenye mgongo mrefu, limevalishwa kitambaa cha manyoya rangi ya damu ya mzee. Mikononi kitambaa kilikuwa kimelika mpaka sponji ikachungulia. Kikalio kilikuwa kimedidimia, tena si katikati, bali upande wa kushoto, kuelekea dirishani. Anifa alitandaza kitambaa cheupe cha marekani juu yake, akaanza kukibana kwa pini pembe kwa pembe, akichora kwa chaki pale mishono itakapopita. Kava la kubana halipimwi kwa tepu peke yake. Hukatwa juu ya kochi lenyewe, maana kila kochi lina mwili wake. Yoeli alishika upande wa pili wa kitambaa. Vidole vyao vilipokutana nyuma ya mgongo wa kochi, wote wawili waliacha kufanya kazi kwa kitambo. Yoeli ndiye aliyeinamisha uso kwanza, akitabasamu.

Halafu akamsimulia. Hilda alikuwa na ugonjwa wa moyo. Miaka yake ya mwisho hakuweza kulala kitandani, pumzi zilimkata, hivyo alilala amekaa hapa, ameegemea upande huu ili aone nje. Na hapa ndipo alipofia, alfajiri moja, Yoeli akiwa ametoka kuwasha jiko la mkaa.

Anifa alimpa pole. Kisha, kwa kuwa ni fundi, akauliza kama aongeze sponji kwenye kikalio kisawazike.

"Hapana," Yoeli alijibu upesi. "Liache lilivyo."

Hapo ndipo alipopaswa kusimama akajiuliza. Lakini siku ile alikuwa na furaha, na furaha haikumpa nafasi ya kuuliza kitu. Alirudi Makambako na marekani yake yenye chaki, akakata kitambaa kizito cha kijani kilichokolea kama majani ya chai, akashona polepole kuliko alivyowahi kushona kazi ya mteja. Alipitisha kamba nyembamba ndani ya kingo ili ziwe na umbo. Aliacha kipande kirefu cha kusukumia kati ya mgongo na kikalio, ili mtu akikaa kitambaa kisichomoke. Zipu akaificha nyuma. Na lile bonde la kushoto akalifuata vilevile lilivyo, akiona kuwa anamtunzia heshima mwanamke asiyemjua.

Sasa alikuwa mlangoni, ukungu umefunika mipaini ya upande wa pili wa barabara, baridi ya Julai ikimuuma vidole. Alibisha hodi. Aliyefungua alikuwa Elina.

"Shikamoo mama," Elina alisema.

Anifa aliitikia huku mfuko ukimponyoka. Elina hakuwahi kumwita mama. Alimwita fundi.

Elina aliuokota mfuko, akamwingiza ndani, akamketisha jikoni karibu na moto, akamwekea chai ya tangawizi na viazi vya kuchemsha. Alikuwa akifanya yote hayo bila kumtazama usoni. Halafu akaketi, akaeleza. Alisema wiki iliyopita alimpigia baba yake simu, akamsikia akicheka, akakumbuka kwamba kicheko kile alikuwa amekisahau. Alizungumza na mdogo wake, Aron, walizungumza sana. Walikuwa wamemkosea baba yao, na walikuwa wamemkosea yeye.

"Mama hakuwa mtu wa kumnyima mtu kiti," Elina alisema. "Sijui kwa nini mimi nilikunyima."

Anifa alishika kikombe kwa mikono miwili, machozi yakamdondokea kwenye chai, na Elina akajifanya anachochea moto.

Yoeli aliingia kwa mlango wa nyuma akiwa na mabuti yenye tope la shambani. Aliwakuta hivyo. Elina akasimama, akamwambia baba yake kwamba yeye na Aron wamekubaliana, hawana neno tena, aoe kwa amani. Anifa alimtazama Yoeli, akisubiri uso ule uchangamke. Alikuwa ameingojea siku hii kwa miezi mingi, akiichora akilini: Yoeli angecheka, au angekaa chini kwa kuishiwa nguvu, au angemshika mkono mbele ya mwanawe.

"Asante, mwanangu," Yoeli alisema kwa sauti ya chini. Macho yake yalipita juu ya vichwa vyao, yakaenda sebuleni.

Anifa alidhani ni furaha imemzidi.

Walikwenda sebuleni wote watatu. Anifa alilitoa kava, akalikung'uta, akalivisha kochi kuanzia juu, akilivuta taratibu mabegani, kisha mikononi, kisha chini. Alisukuma kipande kirefu ndani ya mfereji wa mgongo kwa kiganja, akapita nyuma, akafunga zipu. Akalainisha kingo. Halikukunjamana popote. Lilikaa kama ngozi. Lile kochi chakavu lilikuwa limekuwa kochi jipya la kijani, limekaa kwenye mwanga wa dirisha, na Elina akashika mashavu yake akisema ni zuri mno, mama yao angelipenda.

"Kaa basi, mama," alisema.

Anifa alimgeukia Yoeli. Yoeli akatikisa kichwa kukubali.

Akakaa. Kochi lilimpokea upande wa kushoto, katika bonde la mwanamke mwingine, na mkono wake ukalala wenyewe mahali pa kuweka mkono. Hofu yote ilimtoka. Aliona dirisha, akaona ukungu ukianza kupanda, akaona bustani yenye miti ya parachichi. Nikiwa mzee, aliwaza, nitakuwa naangalia hapa. Akainua macho kumtafuta Yoeli ampe wazo hilo.

Yoeli hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akitazama mkono wa kochi, rangi imemtoka usoni, midomo imefunguka kidogo.

"Inuka," alisema.

Anifa hakuelewa.

"Tafadhali, Mama Rehana. Inuka."

Aliinuka. Elina alimwuliza baba yake kuna nini, naye akamwomba awapishe. Elina alisita, akamwangalia Anifa, kisha akatoka, akarudisha mlango.

"Kuna mahali nimekosea?" Anifa aliuliza. Aliuliza kama fundi, kwa kuwa kama mwanamke hakuwa na sauti ya kuuliza. "Kama linavuta mahali naweza kulifumua."

"Hujakosea popote. Limekaa sawasawa."

"Basi ni nini, Baba Elina?"

Yoeli alikaribia, akaweka kiganja kwenye mkono wa kochi, juu ya kitambaa kipya. "Alikuwa anashika hapa. Kila pumzi zikimkata alishika hapa. Vidole vyake ndivyo vilivyokula kitambaa. Sasa sipaoni."

"Pako chini yake. Sijakata kitu. Sijaondoa hata uzi mmoja."

"Najua."

"Wewe ndiye uliyeniita nilishone."

"Ni mimi."

"Ulisema nitapata mahali pangu pa kukaa."

"Nilisema. Siku ile niliona inawezekana."

Nje jogoo aliwika, akanyamaza. Anifa alitaka kukaa, lakini ndani ya chumba chenye viti vingi namna ile hakuona kiti ambacho angethubutu kukikalia. Akabaki amesimama.

"Na leo?" aliuliza.

"Elina alipokuwa anakataa, kila siku nilikuwa nabishana naye kichwani. Nikilima nabishana naye, nikiendesha gari nabishana naye. Nilijiambia watoto wakikubali tu, nimemaliza. Leo wamekubali. Nimeitafuta furaha pale jikoni, Anifa, Mungu ananiona, nimeitafuta. Haikuwapo. Kumbe hawakuwa wao. Aliyekuwa hataki ni mimi."

"Hutaki mimi."

"Nakutaka. Ila siwezi kukuona hapo."

"Basi lihamishe," Anifa alisema, na akajisikia akisihi, akashindwa kujizuia. "Lipeleke chumba kingine, ulivue hilo kava, ulifungie. Mimi nitakaa kwenye kigoda. Sikuomba kochi mimi. Sikuomba hata nyumba."

"Nikilihamishia chumbani, na mimi nitahamia huko," Yoeli alisema. "Utakuwa na mume anayeshinda kwenye chumba kilichofungwa. Nakufahamu, hutalalamika. Utakuwa unanibishia hodi uniletee chai."

Alilisema hilo kwa upole mkubwa, na upole wenyewe ndio uliomkata Anifa maini. Angekuwa mkali, angepata pa kushika.

"Nimemwacha kaka yangu kwa ajili yako," alisema.

"Najua."

"Hujui. Idi iliyopita nilikula peke yangu. Nilifunga dirisha ili wasinione, nikawa nasikia wanavyocheka upande wa pili wa ukuta. Nikajiambia si kitu, Idi ijayo nitakuwa Njombe. Huyajui hayo."

Yoeli alifunika uso kwa mikono, mabega yakaanza kutikisika. Mkono wa Anifa uliinuka kumfuata, kama ulivyozoea. Ulifika nusu, akaurudisha, akaanza kukusanya pini zake kutoka mezani, moja moja, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine.

Alimkuta Elina nje, ameegemea ukuta, macho mekundu. Alikuwa amesikia.

"Usiondoke, mama. Mpe muda," alisema.

"Nikirudi mwakani nitamkuta yuleyule, mwanangu."

"Laiti ningeendelea kukataa. Labda angekuoa ili anishinde mimi."

Anifa alimfuta shavu kwa ncha ya mtandio wake. "Usijibebeshe hilo. Humu ndani leo, wewe ndiye uliyenipa kiti." Halafu akatembea haraka kuelekea barabarani, asije akageuka.

Mvua ya rasharasha ilikuwa imeanza. Kosta ya Makambako ilikuwa bado inasubiri abiria, utingo akiita kivivu. Anifa alisimama chini ya paa la kibanda cha wauza viazi, akajifunga mtandio mpaka kidevuni, akaanza kupanga atakavyopita mbele ya mlango wa Mansoor bila kuonekana. Hakuna njia nyingine ya kuingilia. Ingebidi apite. Zamda angetazama uso wake, na kabla ya magharibi kaka yake angekwisha kujua. Hata kama asingesema neno, ukimya wake ungekuwa na haki yote.

Hapo ndipo alipoiona pikapu.

Ilikuja kwa kasi, ikasimama vibaya, magurudumu mawili nje ya lami. Yoeli alishuka bila kofia, bado amevaa mabuti yale yale, akaanza kukimbia. Anifa hakuwahi kumwona akikimbia. Mtu mzima, mzee wa kanisa, anakimbia mvuani mbele ya watu wanaomfahamu, anamtafuta yeye kwa macho. Yote aliyoapa kutoyasamehe, Anifa aliyasamehe papo hapo. Kabla Yoeli hajamaliza kuvuka barabara alikuwa amekwisha kumsamehe, amekwisha kurudi naye, amekwisha kukubali kigoda, chumba kilichofungwa, kila kitu. Alitoka chini ya paa akamfuata.

Ndipo akaona alichobeba kwapani. Ni kitu cha kijani, kimekunjwa vizuri.

"Umesahau kava lako," Yoeli alisema akihema.

Mvua iliwanyeshea wote wawili. Anifa alilitazama kava, kisha akamtazama yeye.

"Sikulisahau," alisema. "Ni la lile kochi. Halitaingia kwenye kochi jingine popote. Nimelikatia pale pale, unajua, ulinishikia kitambaa."

"Siwezi kukaa nalo ndani. Na kulitupa siwezi." Sauti yake ilikuwa imekwisha. Alikuwa amemnyooshea kwa mikono miwili. "Nisaidie, Anifa. Lichukue."

Yoeli hakuwa na mtu mwingine wa kumwomba msaada huo. Anifa alilielewa hilo, na lilimwuma kuliko yote aliyoambiwa sebuleni. Alilipokea, maana lilikuwa linalowa. Akaligeuza, upande wa ndani ukawa nje, ili rangi isiharibike, akalishikilia kifuani.

Utingo akaita Makambako kwa mara ya mwisho.

"Nenda salama," Yoeli alisema.

"Nawe uvae kofia," Anifa alijibu, akapanda.

Alipata nafasi dirishani. Gari lilipoondoka hakutazama nje. Alijua Yoeli amesimama pale, na alijua ataendelea kusimama mpaka gari lipotee, na hakutaka kuwa na picha hiyo. Mama mmoja aliyekaa kando yake, wa makamo, aliyebeba kikapu cha parachichi, aligusa kitambaa kilicholala mapajani pake, akakisugua kati ya vidole viwili kama mtu anayejua kitambaa.

"Kizuri sana, dada. Cha nini?"

"Cha kochi."

"La kwako?"

"Hapana," Anifa alisema, na hilo lilikuwa neno lake la mwisho mpaka Makambako.